Jicho Linaishi kwa Kipimo cha Chokaa

Mwezi uliopita mzazi mmoja alinisubiri nje ya lango la skuli, hapa Wete, kisiwani Pemba, akiwa na kichupa cha vidonge mkononi. Mama yake, alisema, macho yanamwishia. Haoni pembeni. Juzi kajikwaa kwenye beseni lililokuwa hatua mbili ubavuni mwake. Muuzaji mmoja wa dawa za kutembeza kamwambia ni upungufu wa madini, akamuuzia vidonge vya kalsiamu vya miezi mitatu. "Mwalimu, wewe unasomesha biolojia. Hivi vitamsaidia bi mkubwa?"

Nilimwambia hapana, na nikamsihi ampeleke mama hospitali kabla ya wiki kwisha. Lakini swali lake halikuwa la ovyo. Tumesomeshwa, nami ni miongoni mwa waliosomesha hivyo, kwamba kalsiamu ni mifupa na meno, ikipungua tunaongeza kwa maziwa na dagaa. Kwa mifupa ni kweli. Ndani ya jicho kalsiamu ina kazi nyingine kabisa: ni ishara. Seli za neva za retina, ule utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, hutumia nguvu bila kukoma kuizuia isiingie ovyo na kuitoa ikishaingia. Mama yule hakupungukiwa na kalsiamu. Kama alikuwa na ugonjwa niliouhofia, presha ya macho, basi seli zake zilikuwa zikishindwa kuidhibiti, na kila siku ya kumeza vidonge ilikuwa siku ya kuchelewa.

Sisi watu wa visiwani tumezungukwa na kalsiamu tangu kuzaliwa. Kuta za Mji Mkongwe ni mawe ya matumbawe yaliyoshikishwa kwa chokaa, na chokaa yenyewe ni matumbawe yaliyochomwa tanuuni. Bibi yangu aliiweka kwenye kijaluba, pamoja na popoo na katu, na alipoandaa tambuu aliichota kwa ncha ya kidole cha shahada, kidogo sana, akaipaka jani. Chokaa ikipungua, tambuu haishiki rangi nyekundu. Ikizidi, ulimi unababuka. Sisifii tambuu, maana madhara yake kinywani yanajulikana, lakini ule mkono wa bibi ndio mfano bora nilionao wa kazi inayofanyika ndani ya seli ya neva.

Nje ya seli, kwenye majimaji yanayoizunguka, kalsiamu ni karibu mara 10,000 ya ile iliyomo ndani. Tofauti hiyo si bahati. Kila chombo cha mbao huvuja, na manahodha wetu wanajua kwamba chombo hakizami kwa kuvuja bali kwa kukosa mtu wa kufua maji. Seli nayo ina wafuaji wake: pampu kwenye utando wa nje zinazotupa kalsiamu nje, ghala la ndani linalovuta kalsiamu na kuifungia, mitokondria, yaani vinu vya nishati vya seli, zinazoimeza kwa muda, na protini zinazoidaka kabla haijafika isikotakiwa. Karibu wote hao wanakula nishati, moja kwa moja au kwa mkopo. Kwa sababu ngama, yaani tumbo la chombo, imekauka kiasi hicho, tone moja likiingia linasikika. Hiyo ndiyo siri ya kalsiamu kuwa ishara. Kungekuwa na nyingi ndani, nani angetambua ongezeko dogo?

Jinsi wanasayansi walivyojifunza kuiona ishara hii ni kisa cha bahari, na ninakipenda kwa sababu hiyo. Osamu Shimomura, Mjapani aliyekuwa akifanya kazi Marekani, alikuwa akichunguza konyeza wanaong'aa. Alikamua utomvu wao, hakupata alichotaka, akaumwaga kwenye karo. Karo ikawaka buluu. Ndani yake mlikuwa na maji ya bahari, na maji ya bahari yana kalsiamu. Mwaka 1962 yeye na wenzake walichapisha habari za protini ile, ekwarini, inayotoa nuru kila inapokutana na kalsiamu. Tangu hapo watafiti wameweza kutia vimulimuli vya namna hiyo ndani ya seli hai na kutazama kalsiamu ikipanda na kushuka. Mwaka 2008 Shimomura aligawana Tuzo ya Nobel na wenzake wawili kwa protini nyingine ya konyeza huyohuyo, ile ya kijani. Wavuvi wetu wanamjua konyeza kwa kuwasha ngozi tu.

Sasa turudi kwenye retina, na hapa ndipo wanafunzi wangu hushangaa kuliko mahali popote. Watu wengi hudhani seli zinazopokea mwanga hulala gizani na kuamka zikipigwa na nuru. Ni kinyume chake. Retina ya mtu ina seli fito zaidi ya milioni 100 kwa ajili ya mwanga hafifu, na nyingine ziitwazo seli pia, kwa umbo la pia ya watoto, kama milioni 6 kwa ajili ya mchana na rangi. Gizani milango ya seli hizi iko wazi. Sodiamu na kalsiamu zinamiminika ndani, na kwenye ncha ya pili, inayopakana na seli inayofuata, glutamati, kemikali ambayo seli za neva hupashana nayo habari, inamwagwa bila kukoma. Chembe ya mwanga ikiingia, milango inafungwa na umwagaji unapungua. Kwa seli inayofuata, kule kupungua ndiyo habari kwamba pana mwanga. Ndiyo maana retina hutumia nishati nyingi zaidi usiku wa manane kuliko adhuhuri.

Ami yangu alivua dagaa Tumbe kwa zaidi ya miaka thelathini. Dagaa huvuliwa kwa taa, na taa haina maana mwezi ukiwa mpevu, kwa hiyo kazi yake yote ilikuwa ya usiku wa giza. Alikuwa akiwakanya vijana wapya: usiitazame karabai, utakuwa kipofu robo saa nzima. Alisema kweli, na ndani ya kauli yake mna mambo mawili ambayo vitabu huyatenganisha. La kwanza ni rangi ya seli fito, ambayo mwanga mkali huiunguza na kuijenga upya huchukua muda, nusu saa au zaidi, kwa kutumia vitamini A. La pili ni la haraka, la sekunde, na hilo ni la kalsiamu.

Nieleze la pili, kwani uzuri wake haujanichosha kwa miaka yote hii ya kulisomesha. Kwenye utando wa seli fito kuna pampu inayofanya biashara ya kubadilishana: inaingiza ioni 4 za sodiamu, na kwa malipo hayo inatoa ioni 1 ya kalsiamu pamoja na 1 ya potasiamu. Gizani kalsiamu inaingia kwa milango na kutoka kwa pampu, mizani ikakaa sawa. Mwanga unapofunga milango, pampu haina habari. Inaendelea kutoa. Kalsiamu ndani inashuka, hata ikafika kama sehemu moja ya kumi ya ilivyokuwa, na kushuka huko ndiko kunakoiambia seli kwamba mwanga umeshika. Zipo protini ambazo zikishika kalsiamu hutulia. Zikiachwa mikono mitupu huamsha kimeng'enya kinachotengeneza kemikali iitwayo GMP ya mviringo, na kemikali hiyo ndiyo inayoshikilia milango wazi. Basi milango kadhaa inafunguka tena, ingawa mwanga bado upo, na seli inakuwa tayari kupokea mabadiliko mengine.

Toka ndani ya duka lenye kiza la Mkunazini saa saba mchana, uingie juani. Unafumba macho kidogo, kisha unaona. Seli pia zako zimeshusha kalsiamu, zimepunguza ukali wa mwitiko wao, na mtaa umerudi mbele yako. Kwa seli pia mambo haya huenda kasi zaidi kuliko kwa seli fito. Hakuna daktari wala dawa iliyohusika, na hukujua kitu.

Kwenye ncha ya pili ya seli mna mlango mwingine wa kalsiamu, na huo ndio unaoamua glutamati imwagwe au isimwagwe. Umetengenezwa kwa maelekezo ya jeni iitwayo CACNA1F, iliyopo kwenye kromosomu X. Mwaka 1998 watafiti walionyesha kwamba jeni hiyo ikiharibika, mtoto, mara nyingi wa kiume, anazaliwa na uoni hafifu ambao hauzidi wala haupungui: wengine hawaoni vizuri usiku, wengine macho yao huchezacheza, wengi wanaona mbali kwa shida. Mwanga unaingia, seli fito inaupokea sawasawa, lakini habari haivuki kwenda ng'ambo.

Nawaomba wasomaji walio wazazi watulie hapa kidogo. Watoto wawili wa mtaa mmoja wanajikwaa magharibi ikiingia. Mmoja hana vitamini A ya kutosha, na matone ya vitamini A wanayopewa watoto wa chini ya miaka mitano, pamoja na mchicha, papai na maini, yanaweza kumrudishia usiku wake. Mwingine mlango wake wa kalsiamu ni mbovu tangu tumboni. Huyo hata apewe papai la shamba zima hatabadilika, na mara nyingi atasemwa kwamba ni mzembe au amechezewa. Anachohitaji ni miwani inayomfaa, kukaa dawati la mbele, na mwalimu aliyeambiwa. Dalili ni moja na sababu ni mbili. Kutibu kwa kukisia kutamkosea mmoja wao daima.

Baada ya seli zinazopokea mwanga, habari hupita kwa seli za kati mpaka ifike kwa seli za ganglioni. Mimi darasani naziita matarishi, kwa kuwa ndizo pekee zinazopeleka ujumbe kutoka jichoni hadi kwenye ubongo. Ni kama milioni moja tu kwa kila jicho. Tafakari hesabu hiyo: zaidi ya milioni mia wanapokea, milioni moja wanapeleka. Mikia yao mirefu hukusanyika nyuma ya jicho, ikatoka kwa pamoja kupitia tundu moja dogo lenye wavu, ikawa neva ya macho. Tarishi akifa habadilishwi. Mwili wa binadamu hauoteshi mwingine.

Matarishi hawa wanapiga msukumo wa umeme kila wanaposema neno, na kila msukumo unaingiza kalsiamu kidogo. Kwa hiyo kazi ya kufua maji haisimami. Presha ya majimaji ndani ya jicho, ambayo kwa watu wengi huwa kati ya 10 na 21 kwa kipimo cha milimita za zebaki, inapozidi uwezo wa jicho husika, mikia ya neva hubanwa pale kwenye wavu. Usafirishaji ndani ya mkia unakwama. Mitokondria, zilizokuwa zikilisha pampu, zinachoka. Majaribio kwa wanyama yameonyesha pia kwamba seli za retina zinapovutwa na presha huvujisha ATP, kemikali inayobeba nishati ya seli, na ATP hiyo hufungua milango fulani juu ya matarishi inayoruhusu kalsiamu kuingia kwa wingi. Kalsiamu ikijaa huamsha vimeng'enya vinavyokatakata kiunzi cha seli kutoka ndani. Chokaa imezidi, na sasa inababua.

Ugonjwa huu ni glakoma. Sisi tunauita presha ya macho. Hauumi. Unaanza pembeni, na jicho la pili linaziba pengo la la kwanza, mpaka mtu anashtuka akiwa amebakiwa na tundu la kuchungulia. Utafiti uliofanywa Kongwa, mkoani Dodoma, na kuchapishwa mwaka 2000, ulikuta karibu watu 4 kati ya kila 100 wenye umri wa miaka 40 na zaidi wanao. Watu wenye asili ya Afrika wana hatari kubwa zaidi ya kuupata kuliko wengine wengi, na mwenye mzazi au ndugu wa tumbo moja aliyeugua yumo hatarini zaidi.

Mama wa yule mzazi alikutwa nao. Jicho la kushoto limekwisha. La kulia limebaki kidogo.

Na ami pia. Wenzake baharini walianza kumtania kwamba hawaoni walio ubavuni mwake. Alikwenda kituo kimoja cha afya akaambiwa ni uzee, akapewa miwani ya kusomea, yeye asiyesoma ila msahafu anaoujua kwa moyo. Miaka minne ilipita kabla mtu hajamwangalia nyuma ya jicho kwa taa. Nilikuwa na hasira kwa muda mrefu. Sasa nimebaki na swali: yule aliyempa miwani aliwahi kufundishwa kwamba jicho ni kipande cha neva?

Hapa ndipo msimamo wangu ulipo. Huduma ya macho visiwani kwetu imejengeka katika fikra ya kioo. Miwani ni kioo. Mtoto wa jicho ni kioo kilichoingia ukungu, kinatolewa, kinawekwa kingine, kesho bandeji inafunguliwa na mzee anamtambua mjukuu wake. Kambi za macho zinapendwa kwa sababu hiyo, na zinastahili kupendwa. Lakini presha ya macho haina shangwe ya namna hiyo. Dawa yake ya tone hairudishi kitu. Inalinda kilichobaki, na kinacholindwa hakionekani. Hakuna picha ya kupiga. Kwa hiyo kipimo cha presha, na zaidi ya hapo kutazamwa kichwa cha neva nyuma ya jicho, huachwa kwa atakayelalamika, ilhali ugonjwa wenyewe haulalamikiwi mpaka umekwisha kazi. Ningependa kila kambi inayotoa mtoto wa jicho, Micheweni hadi Makunduchi, isimwache mtu wa miaka 40 aondoke bila vipimo hivyo viwili. Viwili, kwa sababu wapo ambao presha yao inasomeka ya kawaida na neva yao bado inakufa.

Mtu anaweza kuniuliza: kama tatizo ni kalsiamu kujaa, kwa nini isitafutwe dawa ya kufunga mlango? Imetafutwa. Memantini, dawa inayotumika kwa wagonjwa wa kupoteza kumbukumbu, hufunga mmoja wa milango ambayo glutamati huifungua kuingiza kalsiamu kwenye seli za neva. Ilijaribiwa kwa wagonjwa wa glakoma katika majaribio mawili makubwa, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2018 yalionyesha haikuzuia ugonjwa kuendelea. Mwaka 1999 watafiti wa Ufaransa waliripoti kwamba diltiazemu, kizuia kalsiamu kinachotumika kwa moyo, iliokoa seli za retina za panya wenye upofu wa kurithi. Wengine waliporudia hawakuona faida hiyo. Mimi siyasomi matokeo haya kama kushindwa kwa wazo zima. Nayasoma kama bibi angeyasoma: ukifunga kijaluba kabisa hupati tambuu. Seli inahitaji kalsiamu iingie kwa wakati wake na itoke kwa wakati wake, na wafuaji wanne niliowataja hawawezi kubadilishwa na kizibo kimoja.

Lipo jambo jingine la kusema kwa tahadhari, maana nyumba nyingi zetu zina mzee anayemeza amlodipini au nifedipini kwa ajili ya presha ya damu. Dawa hizi nazo ni vizuizi vya milango ya kalsiamu, kwenye misuli ya mishipa ya damu. Mwaka 2023 uchambuzi wa taarifa za zaidi ya watu 400,000 wa Uingereza ulikuta kwamba wanaotumia dawa za kundi hili wana glakoma kwa kiwango kikubwa zaidi kuliko wasiotumia. Uhusiano huo hauthibitishi kwamba dawa ndiyo sababu. Asiache mtu dawa yake kwa kusoma makala hii, kiharusi hakisubiri. Lakini anayekwenda kliniki ya presha ya damu kila mwezi anaweza kuuliza swali moja la ziada: je, na macho yangu yamepimwa?

Nimetaja matone. Yapo yanayopunguza majimaji yanayotengenezwa jichoni, kama timololi, na yapo yanayoyafungulia njia ya kutoka, kama latanoprosti, tone moja kila usiku. Hayakulengwa kwenye kalsiamu. Yanachofanya ni kuwaondolea matarishi mzigo uliokuwa ukiwabana, ili pampu zao zipate nafasi ya kufanya kazi ambayo zimeifanya tangu mtu yuko tumboni. Kwa sasa huo ndio msaada mkubwa kuliko wote tulionao, na ni msaada wa maisha yote. Kichupa kikikatika wiki tatu kwa sababu duka la dawa halina, au kwa sababu ada ya skuli imetangulia, matarishi wanaokufa katika wiki hizo hawarudi. Serikali inayohesabu waliotolewa mtoto wa jicho ihesabu pia waliokosa tone.

Baada ya ami kupofuka niliwachukua watoto wake wote, na mimi mwenyewe, tukapimwa. Wanne tulikuwa salama. Mkubwa wao, mwenye miaka 43, ambaye ndiye aliyerithi chombo na taa, presha yake ilisomeka 27 na neva ya jicho la kushoto imeanza kuchimbika. Haoni tofauti yoyote. Alikasirika kuambiwa ni mgonjwa.

Anatia tone moja saa mbili usiku kabla ya kwenda pwani. Wiki iliyopita nilikuwa Tumbe, nimekaa barazani na ami, taa za vijana zikipakiwa chini pwani. Alisikia hatua za mwanawe zikipita, akageuza uso upande ambao mwanawe hakuwepo.

"Ushatia?"

"Bado, baba."

"Rudi ndani ukatie kwanza."